Kimo cha Seli Ndio Umri Wake

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko njiani, endelea na safari yako lakini nitegee sikio. Leo tutazungumza juu ya vazi ambalo kila mmoja wetu analo na hakuna aliyewahi kulivua. Nazungumza juu ya ngozi.

Nianze na swali la bafuni. Unaoga, unachukua dodoki, unajisugua mkono sawasawa. Ile nongo inayojikunja chini ya vidole inatoka wapi? Utasema ni vumbi la mchana na jasho. Haya, vumbi limo. Lakini shinda ndani siku mbili usitoke, kisha ujisugue: nongo utaipata tu. Mama zetu walitusugua mpaka tukalia, na kila walivyozidi kusugua ndivyo ilivyozidi kutoka, wakatuona watoto wachafu kupindukia. Kumbe ndani ya nongo ile mna ngozi yenyewe. Mna seli zilizokufa, ambazo kiasi cha mwezi mmoja nyuma zilikuwa hai, zikiwa zimejificha chini kabisa ya ngozi ya juu.

Basi swali la jioni ya leo ni hili. Katika mwezi ule mmoja seli ilipitia mambo gani? Na wataalamu wameyajuaje, ilhali hakuna anayeweza kuingia ndani ya ngozi ya mtu hai akakaa mwezi mzima akiitazama seli moja ikikua, ikizeeka na kufa? Jibu fupi ni kwamba wanapiga picha, kisha wanaipima picha hiyo kwa kompyuta. Jibu refu ndilo litakalotuchukua dakika zilizobaki. Ukikumbuka jambo moja tu kati ya yote nitakayosema leo, likumbuke hili: katika ngozi, kimo cha seli ndio umri wake.

Tuanze na ngozi yenyewe. Ngozi ina sehemu mbili kubwa. Iko ngozi ya ndani, yenye mishipa ya damu na neva, na iko ngozi ya juu, ambayo ni nyembamba mno. Sehemu nyingi za mwili, ngozi ya juu haizidi sana unene wa karatasi ya daftari. Unyayoni ni nene zaidi, na ndiyo maana unyayo huota magaga na kope haioti.

Hiyo karatasi nyembamba ina ghorofa ndani yake. Ghorofa ya chini kabisa ndiyo wodi ya wazazi: huko seli hugawanyika, na seli mpya huzaliwa kila siku. Baadhi yake hubaki hukohuko chini ziendelee kuzaa, na nyingine huanza kupanda. Zikifika ghorofa ya pili huacha kugawanyika na kuanza kushikana kwa nguvu, ubavu kwa ubavu. Chini ya hadubini huonekana kama zina miiba, nayo ndiyo viungo vinavyozishikanisha. Ghorofa ya tatu hujaa chembechembe, yaani shehena ya protini na mafuta inayoandaliwa kwa kazi ya mwisho. Halafu ghorofa ya juu kabisa. Hapo kiini cha seli huyeyuka, seli hubonyea ikawa bapa kama gamba la samaki, na hufa. Lakini inakufa ikiwa kazini. Magamba hayo yaliyokufa, yaliyoshikanishwa kwa mafuta kama matofali kwa saruji, ndiyo yanayozuia maji ya mwilini yasikauke na vijidudu visiingie. Kisha hubanduka, dodoki likayachukua.

Mabadiliko hayo, ya seli moja kuacha utoto wa kugawanyika na kuvaa kazi maalumu, wataalamu huyaita upambanukaji wa seli. Msitishwe na neno. Seli inapambanuka kama kijana anavyotoka shuleni akawa fundi seremala: jana alikuwa anaweza kuwa chochote, leo anajulikana kwa kazi moja.

Sasa turudi kwenye swali letu. Safari hiyo huchukua kiasi cha mwezi, mara nyingine zaidi kidogo. Tunaionaje?

Wasikilizaji, fikirini shule ya msingi. Mtu anataka kujua mtoto anavyokua kuanzia darasa la kwanza hadi la saba. Njia mojawapo ni kumchukua mtoto mmoja na kumfuata miaka saba. Njia nyingine ni kwenda shuleni asubuhi moja wakati wa mstari, watoto wakiwa wamejipanga kwa madarasa, darasa la kwanza mbele na la saba nyuma, halafu ukapiga picha moja. Moja tu. Ukiitazama kutoka mbele kwenda nyuma, utaona miaka saba ya kukua: kimo kinaongezeka, meno yaliyong'oka yanarudi, sura zinakomaa. Hukusubiri hata siku mbili, kwa sababu shule imekupangia umri kwa mistari.

Ngozi ndivyo ilivyo. Imepanga seli zake kwa umri, changa chini, kongwe juu. Ukikata kipande chembamba cha ngozi kutoka juu hadi chini na kukipiga picha, umeupata mwezi mzima ndani ya picha moja iliyotulia. Narudia: kimo cha seli ndio umri wake. Viungo vingi vya mwili havina mpangilio mwepesi kama huo. Ini, kwa mfano, halikupangii seli zake kwa ghorofa namna hiyo. Ngozi ni kalenda iliyosimama wima.

Lakini wanafunzi wote wakiwa na sare moja, utajuaje nani wa darasa gani? Hapa ndipo inapoanza kazi ya maabara.

Daktari huchukua kipande kidogo cha ngozi, mara nyingi hakizidi punje ya mahindi. Huhifadhiwa kwa dawa kisioze, hugandishwa ndani ya nta, halafu hukatwa kwa mashine yenye wembe mkali kuwa vipande vyembamba sana. Vyembamba kiasi gani? Vipande 250 ukivipanga kimoja juu ya kingine, ndiyo unapata milimita 1. Kipande kimoja hulazwa juu ya kioo, kikapakwa rangi, kwa kuwa bila rangi hakuna cha kuona. Tishu peke yake inapitisha mwanga kama karatasi ya nailoni.

Rangi ya zamani kuliko nyingi zinazotumika hadi leo hutoka kwenye mti. Ndiyo, mti, unaoota Mexico na Amerika ya Kati, ambao mbao zake zilisafirishwa karne nyingi kwenda Ulaya kutia rangi nguo. Rangi hiyo inaitwa hematoksilini, nayo huvipaka viini vya seli rangi ya buluu inayokaribia zambarau. Mwenzake, eosini, huipaka sehemu iliyobaki rangi ya waridi. Rangi hizi mbili zinakuonyesha umbo: hapa kiini, hapa ukingo, hapa gamba.

Ila umbo halitoshi. Tunataka sare za madarasa. Na seli za ngozi zina sare kweli, nazo ni protini. Ngozi hutengeneza aina nyingi za keratini, ndugu wa ile iliyomo kwenye kucha na nywele. Seli za ghorofa ya chini huvaa keratini ya 5 na ya 14. Zikipanda ghorofa ya pili, huanza kutengeneza keratini ya 1 na ya 10. Zikikaribia juu, huvaa protini nyingine kabisa, kama involukrini, lorikrini na filagrini. Mwaka 1980, Elaine Fuchs na Howard Green huko Marekani walionyesha jinsi seli inavyobadilisha keratini zake inapokomaa. Tangu hapo, sare ikawa njia ya kujua darasa.

Ili kuiona sare, mtaalamu hutumia kingamwili: protini inayotambua protini moja tu na kuiganda, kama ufunguo na kitasa chake. Kingamwili hiyo hufungiwa kitu kinachotoa rangi, mara nyingi rangi ya kahawia. Palipo na kahawia, keratini ya 10 ipo. Pasipo na kahawia, haipo. Mpaka hapo tumefuatana, sivyo?

Sasa kompyuta inaingia wapi? Jicho la mtaalamu halitoshi?

Jicho ni zuri, wala sitaki mtu aondoke hapa akidhani mashine imempokonya mtaalamu kiti chake. Lakini nendeni sokoni kidogo. Mama wa kwanza anauza nyanya kwa fungu, wa pili kwa mizani. Fungu la leo si fungu la jana, na fungu lake si fungu la jirani yake. Kwa miaka mingi picha za tishu zimesomwa kwa fungu: rangi ni kidogo, ni ya wastani, ni nyingi. Wataalamu wawili hodari wakipewa kioo kimoja, mmoja anaweza kusema wastani na mwingine akasema nyingi, na wote wana sababu. Kama unataka kujua dawa mpya ya ngozi imesaidia au haikusaidia, fungu halikutoshi. Unahitaji mizani.

Mizani hiyo hufanya kazi tatu. Zisikilizeni moja moja.

Kazi ya kwanza ni kuitambua kila seli. Kioo kizima hupitishwa kwenye skana, ikatoka picha kubwa sana, na programu hutafuta kila doa la buluu lenye umbo la kiini. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, maana seli za chini zimebanana kama abiria wa daladala jioni. Viini viwili vinavyogusana, mashine isiyofunzwa huviona kimoja kikubwa. Siku hizi programu zinazotumia akili mnemba zimekuwa hodari wa kuvitenganisha, baada ya kufunzwa kwa picha nyingi ambazo binadamu wamezichora mipaka kwa mkono.

Kazi ya pili ni kujua kimo cha kila seli. Programu huchora mistari miwili: wa chini, pale ngozi ya juu inapokutana na ngozi ya ndani, na wa juu, pale magamba yanapoanzia. Kisha kwa kila seli huuliza: uko umbali gani kutoka chini kwenda juu? Sifuri ni chini kabisa, mia ni juu kabisa. Kuna ugumu wake, kwani mstari wa chini haujanyooka. Una vilima na mabonde kama barabara ya Lushoto. Ukipima kimo kwa kuangalia mahali seli ilipo kwenye picha tu, seli iliyo juu ya kilima utaidhani mzee, kumbe ni mtoto mchanga aliyezaliwa mlimani. Lazima upime kutoka kwenye ardhi iliyo chini yake mwenyewe.

Kazi ya tatu ni kupima rangi. Kila nukta ya picha, yaani kila pikseli, ina mchanganyiko wa buluu ya viini na kahawia ya kingamwili. Mwaka 2001, Arnout Ruifrok na Dennis Johnston walieleza hesabu ya kuzitenganisha rangi hizo, kama mtu anayeonja kinywaji akakwambia ukwaju ni kiasi hiki na rozela kiasi hiki. Njia yao inatumika mpaka leo.

Ukiunganisha kazi hizo tatu, unapata nini? Kila seli sasa ina kimo chake na kiasi cha sare yake. Unaweza kuchora mstari mmoja unaosema: keratini ya 14 ni nyingi chini, inafifia kadiri unavyopanda, keratini ya 10 inaanzia hapa, filagrini inatokea huku, karibu na juu. Hiyo ndiyo historia ya seli, imeandikwa kwa namba. Tena vifaa vyake haviko mbali nasi. Programu ya ImageJ, aliyoiandika Wayne Rasband katika taasisi za taifa za afya za Marekani, hutolewa bure. QuPath, iliyoanzia Belfast, Ireland ya Kaskazini, nayo ni ya bure. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuanza nazo kesho asubuhi.

Na zinatuonyesha nini, zaidi ya uzuri wa namba?

Chukueni ugonjwa wa soriasisi, ule wenye mabaka mazito yenye magamba meupe, mara nyingi viwikoni na magotini. Katika ngozi yenye soriasisi, safari ya mwezi inakimbizwa kwa siku chache tu. Ukiipima picha yake utaona seli zinazogawanyika zimeongezeka na hazikai ghorofa ya chini peke yake. Sare ya keratini ya 10 inachelewa kuvaliwa. Involukrini inavaliwa mapema kuliko kawaida. Na juu kabisa, katika magamba, bado kuna viini vya buluu ambavyo vilitakiwa viwe vimeyeyuka. Ni shule inayomrusha mtoto madarasa: amefika la saba, lakini hajui kusoma.

Chukueni mfano mwingine, ukavu wa ngozi unaorithiwa, ule unaofanya miguu ifanane na magamba ya samaki. Mwaka 2006, timu ya Irwin McLean huko Dundee, Uskoti, iligundua kwamba kwa watu wengi wenye hali hiyo, jeni ya filagrini imeharibika. Wakagundua pia kwamba uharibifu huohuo unaongeza uwezekano wa kupata pumu ya ngozi. Kwenye picha, ghorofa ya tatu imekonda au haipo, na rangi ya filagrini imefifia au haionekani. Wanafunzi wamefika darasa la juu, sare ya darasa hilo haikushonwa.

Wasikilizaji, mpaka hapa nimesifu sana. Ruhusuni sasa niseme mizani hii inavyoweza kudanganya, maana mizani ya sokoni nayo tunaijua.

Udanganyifu wa kwanza ni wa kisu. Chukua tango, ulikate moja kwa moja: kipande ni duara dogo. Likate mshazari: kipande kinarefuka. Tango ni lilelile. Ngozi ikikatwa mshazari huonekana nene kuliko ilivyo, na kimo cha kila seli kinapotoka. Kompyuta haitakwambia, itakupa namba yenye desimali nzuri kabisa, na namba hiyo ni ya uongo.

Udanganyifu wa pili ni wa chai. Majani yaleyale, birika tofauti, chai ya leo nzito, ya jana nyepesi. Rangi za maabara ndivyo zilivyo. Kioo cha mgonjwa kikipakwa Jumatatu na cha mtu mwenye afya kikapakwa Ijumaa, utapima tofauti ya siku, si ya ugonjwa. Dawa yake ni kuvipaka pamoja, na kuweka kila mara kipande kinachojulikana kiwe kigezo.

Udanganyifu wa tatu ndio unaotuhusu sisi zaidi, na hapa naomba tutulie.

Nilisema kingamwili huonekana kwa rangi ya kahawia. Sasa, ngozi ya mtu mweusi ina rangi gani chini ya hadubini? Ghorofa ya chini ya ngozi ya juu wanakaa majirani maalumu, seli zinazotengeneza melanini. Hazijiwekei melanini hiyo. Huigawa kwa seli za jirani katika vifurushi vidogo, na kila seli huvipanga juu ya kiini chake kama mwavuli dhidi ya jua. Mweusi na mweupe wana idadi inayokaribiana ya seli hizo za kutengeneza rangi. Tofauti iko kwenye vifurushi: katika ngozi nyeusi ni vikubwa zaidi, vimetawanyika kimoja kimoja, na hubaki mpaka ghorofa za juu.

Na melanini ni rangi gani? Kahawia! Kahawia ileile.

Mmeliona tatizo? Programu iliyopangwa kwa kutumia vioo vya ngozi nyeupe, ukiipa kioo cha ngozi ya mtu wa Mtwara au Kisumu, itahesabu melanini kana kwamba ni protini. Itakuletea taarifa kwamba protini imezidi ghorofa ya chini, wakati ilichokipima ni rangi aliyozaliwa nayo mtu huyo. Mashine haikukosea hesabu. Ilikosea swali: iliulizwa kahawia ni kiasi gani, ikajibu.

Dawa zipo, wala si za ajabu. Unaweza kutumia rangi nyekundu badala ya kahawia, ili melanini na protini zisifanane. Unaweza kuichujua melanini kwanza kwa dawa, kama unavyoondoa doa kwenye kanzu, ingawa dawa ikizidi inaweza kuiharibu na tishu. Na kuna njia ninayoiamini kuliko zote kwa sababu ni ya uaminifu mtupu: chukua kipande cha pili cha ngozi ileile, kifanyie kila kitu isipokuwa kingamwili. Kahawia utakayoiona pale ni ya mwenyewe. Hiyo ndiyo sifuri yako. Kwa kila mtu, sifuri yake. Mwenye duka anayepima sukari ndani ya bakuli, hupima kwanza bakuli tupu.

Kuna wenzetu ambao ngozi yao haina ugumu huo wa rangi, lakini imebeba mzigo mzito kuliko huo. Ngozi ya mtu mwenye ualbino haina ule mwavuli, au unao mdogo sana, na jua letu huingia mpaka kwenye viini vya seli zinazogawanyika. Miaka ya jua ikipita, ghorofa huvurugika: seli zenye sura ya chini zinaonekana juu, seli zinazogawanyika zinapanda mahali ambapo hakuna anayetakiwa kugawanyika. Huko ndiko saratani ya ngozi inakoanzia. Swali la kwamba seli hizo zimepanda mpaka kimo gani ndilo swali ambalo picha iliyopimwa vizuri inaweza kulijibu. Nasi hatuanzi kutoka sifuri. Pale Moshi, jirani na hospitali ya KCMC, kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, ambacho kimefundisha wahudumu wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika, na huko ndiko yalikoanza kutengenezwa mafuta ya kukinga jua ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Picha za ngozi zetu zipimwe kwa sifuri zetu, na watu wa kuzipima tunao.

Limebaki jambo moja, na msikilizaji makini huenda ameshaliwaza. Atasema: bwana, picha ya shule inaonyesha nani yuko darasa gani. Je, inaonyesha wanapanda kwa kasi gani?

Haionyeshi. Ukiona darasa la tatu limejaa, kuna habari mbili zinazowezekana. Labda watoto wengi wameandikishwa. Au labda waliomo wanakariri darasa, mwaka wa pili sasa, hawapandi. Picha ni moja, habari ni mbili, na zinapingana! Ngozi ikinenepa, je, seli zinazaliwa nyingi, au zinachelewa kubanduka? Daktari lazima ajue, maana dawa ya hili si dawa ya lile.

Wataalamu wamekwenda kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuhesabu vizazi. Kuna protini inayoonekana ndani ya kiini cha seli iliyo katika harakati za kugawanyika, inaitwa Ki-67. Jina hilo limetoka mji wa Kiel, Ujerumani, ilikogunduliwa, na namba ya kishimo cha sahani ya maabara. Ukihesabu viini vyenye Ki-67, unajua wodi ya wazazi ina shughuli kiasi gani.

Ya pili ni kuotesha ngozi maabarani. Mwaka 1975, James Rheinwald na Howard Green walipata njia ya kukuza seli za ngozi ya binadamu nje ya mwili, kizazi hata kizazi. Mwaka 1980, watafiti wa Marekani, Henry Hennings na Stuart Yuspa wakiwa miongoni mwao, walionyesha kwamba kalsiamu ndiyo kengele ya shule: ikiwa kidogo, seli za ngozi ya panya zinaendelea kugawanyika; ikiongezwa, zinaanza kukomaa. Baadaye seli za binadamu zikainuliwa zikutane na hewa, zikajenga ghorofa zote mpaka magamba. Ngozi kama hiyo unaweza kuikata leo, na nyingine kesho kutwa, na nyingine wiki ijayo. Hapo una picha nyingi za shule moja, si moja.

Ya tatu ni ya kompyuta yenyewe. Mwaka 2005, Niels Grabe na Karsten Neuber wa Ujerumani walichapisha ngozi ya kubuni ndani ya kompyuta. Kila seli ilipewa kanuni chache: gawanyika, sogea, pokea kalsiamu, komaa. Hakuna aliyechora ghorofa. Kanuni zilipoachiwa zifanye kazi, ghorofa zikajijenga. Ngozi ya namna hiyo ina kasi inayojulikana, kwa hiyo unaweza kuilinganisha na picha ya ngozi halisi na kuuliza: ni kasi gani ingetoa picha kama hii?

Mtu atauliza, haya yote yamemsaidia nani? Mwaka 2015, huko Bochum, Ujerumani, alikuwapo mtoto wa miaka 7 aliyezaliwa na ugonjwa unaofanya ngozi ya juu isishikane na ya ndani, ikabanduka kama gome. Alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya ngozi ya mwili wake. Timu ya Michele De Luca wa Italia ilichukua seli zake, ikaziwekea nakala nzima ya jeni yenye kasoro, ikaotesha ngozi maabarani, na madaktari wakampandikizia kiasi cha asilimia 80 ya mwili wake. Taarifa ilichapishwa mwaka 2017. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu walichukua vipande vidogo vya ngozi ile mpya na kuvitazama chini ya hadubini. Walitafuta nini? Walitafuta yaleyale tuliyozungumza leo: ghorofa zipo? Kila sare iko mahali pake? Chini kuna seli zinazoendelea kuzaa? Ngozi inaweza kuonekana nzuri kwa nje leo ikaisha mwezi ujao, kama chini hakuna wazazi.

Wasikilizaji wangu, muda unanibana, basi niwaachie la kufanya. Ikitokea siku daktari amesema atachukua kipande cha ngozi yako kikapimwe, usiogope kuongea. Mwambie hilo baka lilianza lini, unapaka dawa gani, na kama ulijichubua kwa krimu, sema bila kuficha, kwa sababu umegusa rangi na huenda umegusa unene. Hakikisha imeandikwa kipande kimetoka sehemu gani ya mwili, maana ghorofa za unyayo si ghorofa za shavu. Atakayesoma kioo hakuoni wewe, anaona kipande cha punje ya mahindi. Maneno yako machache ndiyo yatakayomwonyesha sifuri yako iko wapi.

Narudia kwa mara ya mwisho, kwa waliochelewa kufungua redio: katika ngozi, kimo cha seli ndio umri wake, picha moja ikipimwa kwa uangalifu husimulia mwezi mzima, na mizani haipimi sawa mpaka imepima kwanza bakuli tupu.

Na wewe mama unayemwogesha mtoto jioni hii, mwonee huruma. Nongo haitaisha hata umsugue mpaka alfajiri, maana chini huko bado zinazaliwa nyingine. Tukutane juma lijalo. Kwaherini.